Kumwaga oili ya gari mwenyewe uani: mwongozo kamili wa kazi na wa uchafu wake

Ua wa nyumba yangu, kama nyua nyingi za Kibosho kwenye miteremko ya Kilimanjaro, unateremka. Juu kuna banda la ng'ombe, katikati ndipo gari linapolala, na chini, baada ya migomba, unapita mfongo, yaani mfereji wa maji, ambao maji yake majirani wa chini huyatumia kumwagilia mboga. Mara ya kwanza nilipomwaga oili ya gari kwa mikono yangu, beseni lilipinduka, na kabla sijajivuta kutoka chini ya gari oili ilikuwa imeshafika kwenye shina la mgomba wa pili. Mzee wa jirani aliyekuja kutazama hakunifokea. Aliuliza tu, “Mwanangu, na mvua ikinyesha usiku wa leo?” Ilinibidi nichimbe udongo wote uliolowa kwa jembe na kuutia kwenye magunia kabla ya jua kuzama.

Tangu siku hiyo nimeimwaga oili ya gari hilo mara nyingi, na nimeitwa na majirani kusaidia pale mambo yalipowaharibikia. Karibu kila ajali niliyoiona ilikuwa imeanza kabla bolti haijalegea: gari limeegeshwa vibaya, chombo ni kidogo, au mtu hajui ni bolti ipi anayoifungua. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unakaa zaidi kwenye maandalizi kuliko kwenye kumwaga kwenyewe.

Mfano wangu ni injini ya Toyota aina ya 1NZ-FE, ya takriban cc 1,500, kwa kuwa ndiyo iliyomo katika IST, Raum na Probox nyingi, na baadhi ya Vitz, zinazopita barabara za Moshi na Arusha. Injini hiyo huchukua lita 3.7 za oili pamoja na filta, na bolti yake ya kumwagia hufunguliwa kwa spana namba 14. Mwenye gari jingine atafute vipimo vyake kwanza, maana injini ya dizeli ya Land Cruiser za watalii, kwa mfano, huchukua zaidi ya lita 9, na beseni linalonitosha mimi litamfurikia.

Mahali pa kuegeshea

Mteremko una hila tatu. Gari lililoinuliwa kwa jeki huweza kuteleza. Oili haitoki yote kwa sababu hujikusanya upande mmoja wa sampu, lile bakuli la oili lililo chini ya injini. Na stiki ya kupimia itakudanganya wakati wa kujaza. Kama ua wako unateremka kama wangu, literemshe gari hadi kwa ndugu au rafiki mwenye kiwanja tambarare, Pasua au Majengo kule Moshi mjini, au uombe nafasi kwenye gereji yenye shimo la kufanyia kazi na ulipie nusu saa. Nusu saa hiyo ni nafuu kuliko unavyodhani, hasa ukikumbuka kwamba kwenye shimo huhitaji jeki kabisa.

Ukifanyia nyumbani, chagua saruji au udongo ulioshindiliwa, kamwe si majani wala udongo uliolimwa. Udongo wetu wa volkano ni laini baada ya mvua, na jeki huzama taratibu bila kelele. Weka kipande cha mbao nene chini ya jeki na chini ya kila stendi. Tia gia kwenye P, au gia ya kwanza kwa gari la manyuo, vuta breki ya mkono, kisha weka kabari za mbao au mawe makubwa nyuma na mbele ya matairi ya nyuma. Inua gari pale palipoimarishwa kwenye ukingo wa chini, karibu na tairi, halafu uliweke juu ya stendi za chuma na ulisukume kwa nguvu kabla ya kulala chini yake. Likitikisika, lishushe uanze upya. Hakuna sababu yoyote, hata ya dakika moja, inayohalalisha kuingiza kichwa chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, na wala matofali ya saruji si stendi, kwa kuwa hupasuka ghafla yakielemewa.

Vifaa, na kwa nini beseni la kufulia halifai

Unahitaji oili mpya, filta mpya, washa mpya ya bolti (kile kipete chembamba kinachozuia kuvuja), spana ya pete au soketi namba 14, kitu cha kufungulia filta, faneli, glovu, matambara na chombo cha kupokelea oili chafu. Oili ununue kwa mujibu wa kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari au kwenye kifuniko cha injini. Magari haya mengi yametengenezewa oili nyepesi kama 5W-30, ilhali mtindo wa kuweka 20W-50 kila gari umerithiwa kutoka kwa injini za zamani na hauna haja ya kuendelea kwenye injini iliyo nzima. Nunua kwa muuzaji wa spea unayemfahamu na ukague kizibo kama hakijafunguliwa, kwa sababu dumu zuri hujazwa upya kirahisi.

Chombo cha kupokelea ndicho watu wanachokidharau. Beseni la kufulia lina mdomo mpana na kina kifupi, na likishapokea lita 3.7 haliwezi kubebwa bila kuyumba. Hivyo ndivyo langu lilivyopinduka. Chukua dumu la lita 10 au 20, lilaze, ukate ubavu wa juu tu, na uache mpini na mdomo wake vikiwa vizima. Hapo una trei pana ambayo baadaye unaimimina kupitia mdomo wake mwenyewe. Hakikisha linapita chini ya gari baada ya gari kuinuliwa, si kabla.

Chini ya dumu tandika maboksi yaliyofunguliwa, mapana kuliko unavyoona inafaa. Weka pembeni ndoo ya maranda kutoka kwa fundi seremala, au majivu makavu ya kuni, viwe tayari. Mtu aliyelowa oili hadi kwenye kiwiko hawezi kwenda kutafuta maranda bila kupaka kila kitasa anachokigusa.

Lala chini uitambue bolti kabla ya kuigusa

Hapa naomba uvumilivu, kwa sababu kosa hili ndilo la gharama kubwa kuliko yote. Jirani mmoja alipata Raum, akatazama video, akalala chini, akafungua bolti aliyoiona, akamwaga, akafunga, akajaza lita 4 kwenye injini. Gari likawaka kwa moshi mzito na likakataa kusogea. Fundi aliyeitwa alichovya kidole kwenye beseni, akatabasamu kwa huzuni, akasema, “Mangi, hapa hukumwaga oili ya injini. Umemwaga ya gia boksi.” Injini sasa ilikuwa na oili mara mbili ya kipimo chake, na gia boksi ilikuwa imebaki na kidogo mno.

Katika Toyota hizi injini imekaa kwa upana wa gari. Upande wa dereva, yaani kulia, ndiko kuna mikanda na ndiko injini iliko. Upande wa abiria ndiko kuna gia boksi. Sampu ya injini iko chini ya upande wenye mikanda. Fuata kwa macho kutoka kwenye mkanda kushuka chini hadi uone bakuli la chuma lenye bolti, na usiridhike mpaka umeona pia filta ya oili iliyo kwenye injini hiyohiyo. Ukiwa na shaka, mwombe mtu aelekeze tochi kutoka juu wakati wewe unatazama kutoka chini.

Endapo umekosea, rangi itakuambia mapema. Oili ya injini iliyotumika ni nyeusi au ya kahawia iliyokolea, na ile ya gia boksi ya otomatiki, ambayo wengi huiita haidroliki, mara nyingi ni nyekundu au hudhurungi yenye wekundu. Ukiona wekundu, rudisha bolti mara moja na usiwashe gari. Pima kilichotoka kwa chupa yenye alama, nunua haidroliki ya aina inayotakiwa na gari lako, urudishe kiasi kilekile, kisha ukague kwa stiki ya gia boksi. Kama gia boksi yako haina stiki, hapo mwite fundi bila aibu.

Kuna jambo jingine la kujaribu kabla ya kumwaga: fungua kifuniko cha kujazia oili juu ya injini, na ujaribu kulegeza filta kidogo tu, kisha uikaze tena kwa mkono. Mtu anayegundua kwamba filta imeganda baada ya kumaliza kumwaga oili yote amebaki na gari lisiloweza hata kumpeleka kwa fundi. Futa vumbi kuzunguka kifuniko kabla ya kukifungua, kwa maana miezi ya Januari na Februari vumbi letu huingia kila palipo wazi, na ukishakifungua kiache kikiwa kimekalia tundu lake bila kukazwa.

Kumwaga

Kaza kwanza kifuniko cha kujazia, washa injini kwa dakika tano, uzime, kilegeze tena, usubiri kama dakika kumi. Oili ya uvuguvugu hutiririka vizuri na kuondoka na uchafu. Ya baridi, hasa asubuhi za Juni na Julai kule Arusha, hutoka kama asali na nyingine hubaki. Na ya gari lililotoka safari huunguza ngozi, kwani injini iliyofanya kazi huipasha oili hadi karibu nyuzi 100. Angalia pia bomba la ekzosi lililo karibu na mkono wako.

Ufunguo wa gari uondoe kwenye swichi na uuweke juu ya dumu la oili mpya. Gari halitawashwa na mtoto wala na wewe mwenyewe mpaka uliguse dumu hilo.

Sasa bolti. Ukiwa umelala chali mikono juu, akili hugeuza upande wa kufungulia, na watu wengi hukaza kwa nguvu zao zote wakidhani wanafungua. Jifikirie umesimama ukikitazama kichwa cha bolti uso kwa uso: kufungua ni kinyume cha mwendo wa mishale ya saa. Tumia spana ya pete au soketi yenye pembe sita. Ile inayojirekebisha, ambayo mafundi huiita spana malaya, iache kwenye boksi, kwa sababu huzila pembe za bolti, na bolti isiyo na pembe itakulazimu kuita fundi wa kuchomelea.

Ikishalegea, endelea kwa vidole huku ukiisukuma bolti kuelekea juu, hadi uhisi meno yamekwisha, halafu uivute kando kwa haraka. Ukiiachia tu, itadumbukia kwenye oili chafu na utaitafuta kwa mkono. Dumu usiliweke chini ya bolti sawasawa: mwanzoni oili huruka mbali kwa shinikizo la uzito wake, kisha kadiri inavyopungua hurudi nyuma na kudondoka wima. Kwa hiyo weka dumu likielekea upande inakoruka, na baada ya dakika moja ulisogeze. Siku ya upepo uzi mwembamba wa mwisho hupeperushwa nje ya dumu, na hapo ndipo maboksi yanapojilipa.

Magari mengine yana kava la plastiki chini ya injini. Usipoliondoa, oili hujikusanya juu yake na kuendelea kudondoka kwa siku tatu, nawe utaamini bolti inavuja na kuikaza hadi uiharibu.

Filta, na mpira unaobaki nyuma

Filta iliyoganda hufunguliwa kwa spana ya mkanda au ya mnyororo. Kama huna, izungushie msasa, upande wenye mchanga ukiigusa filta, na ukamate kwa mikono miwili. Wapo wanaoitoboa kwa bisibisi na kuizungusha. Mara nyingi bati huchanika, oili hutiririka kwenye mkono hadi kwapani, na filta inabaki palepale. Kabla ya kuitoa kabisa, ivishe mfuko uipokee pamoja na oili yake. Zamani mfuko wa plastiki ulikuwa kila mahali. Tangu marufuku ya Juni 1, 2019 mimi hutunza mifuko ya unga iliyokwisha, na kusema kweli ni imara zaidi.

Filta ikitoka, itazame mdomoni. Lazima iwe na mpira wake mweusi wa duara. Ukiwa haumo, basi umebaki umeganda kwenye injini, na hapo pana ajali mbaya zaidi katika kazi hii yote. Mpira mpya ukikaa juu ya wa zamani, filta itaonekana imekaza vizuri, injini itawaka kimya, kisha shinikizo litausukuma mpira mmoja nje na oili itatoka kwa kasi inayoweza kuikausha injini ndani ya muda mfupi. Lilinipata mara moja, kwa bahati gari likiwa bado uani, na nilizima baada ya sekunde chache tu. Hata hivyo nilisafisha saruji siku mbili. Pitisha kidole kuzunguka sehemu ya kukalia filta kila mara, hata kama umeuona mpira kwenye filta ya zamani.

Paka oili mpya kidogo kwenye mpira wa filta mpya, izungushe kwa mkono hadi mpira uguse, halafu ongeza robo tatu ya mzunguko, kwa mkono tu. Spana ni ya kufungulia filta, si ya kufungia.

Kufunga bolti na kujaza

Weka washa mpya, anza bolti kwa vidole na uizungushe mizunguko kadhaa bila spana. Ikigoma mapema, imeingia mshazari. Itoe uanze tena, maana ukiilazimisha itakula meno ya sampu, na kubadili sampu ni kazi ya siku. Mwisho ikaze kwa spana ya kawaida kwa mkono mmoja. Kipimo cha kiwandani ni kama Nm 38, nguvu ambayo mtu mzima huifikia bila kukunja uso. Anayeongezea bomba kwenye spana ili kukaza anaandaa msiba wa atakayefungua mara ijayo, ambaye kwa kawaida ni yeye mwenyewe.

Shusha gari hadi liwe sawa. Jaza lita 3 kwanza, subiri dakika chache, pima, kisha uongeze kidogokidogo. Usimimine dumu zima kwa kuwa limeuzwa zima: la lita 4 lina zaidi kidogo ya unachohitaji, na la lita 5 lina zaidi mno. Oili ikizidi sana, krenki inayozunguka ndani ya injini huipiga ikawa povu, na povu halilainishi vyuma. Kati ya alama ya chini na ya juu ya stiki kuna takriban lita 1 kwa magari mengi madogo, hivyo kama uko katikati unajua umebakiza nusu lita.

Funga kifuniko cha kujazia kabla ya kuchukua ufunguo. Kikisahaulika, injini hurusha oili chini ya boneti nzima, na harufu ya oili inayoungua juu ya ekzosi utaishi nayo wiki nzima. Washa bila kukanyaga mafuta. Taa nyekundu ya oili izimike ndani ya sekunde chache. Isipozimika, zima wewe. Mwache mtu mwingine achungulie chini kwa tochi injini ikinguruma dakika mbili, kisha zima, subiri dakika kumi, pima tena na ujazie.

Iliyomwagika na iliyotoka

Oili iliyomwagika kwenye saruji usiipige maji. Ifunike kwa maranda au majivu, ikanyage iingie, iache ilale usiku, fagia, kisha nyunyiza sabuni ya unga na usugue kwa maji machache unayoyafuta kwa tambara. Kwenye udongo, chimba hadi uone rangi ya kawaida. Maranda na matambara yaliyolowa oili yasiingie jikoni kuwashia moto.

Oili chafu imimine kwenye dumu lenye kifuniko, uandike juu yake kwa herufi kubwa. Usitumie kamwe chupa za maji ya kunywa au za soda, kwani watoto hawasomi rangi. Najua wengi huipaka kwenye nguzo na mbao kuzuia mchwa, na sitawalaumu waliokuta baba zao wakifanya hivyo, lakini karibu na mfongo au kisima mimi siipaki. Maji ya mlimani hayakai kwako: yanashuka kupitia mashamba na mito kama Karanga na Rau hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako watu wanavua samaki. Oili hiyo pia ina kemikali zinazoweza kuleta saratani ya ngozi kwa anayeigusa miaka mingi, ndiyo maana nilitaja glovu. Peleka dumu kwenye gereji inayokusanyiwa oili chafu na mkusanyaji mwenye kibali cha NEMC, baraza la taifa la mazingira, na uulize kuhusu kibali hicho kabla ya kuliacha. Filta ya zamani igeuze mdomo chini juu ya dumu usiku kucha kabla ya kuitupa, kwa sababu hubaki na oili ya kutosha kuchafua ndoo nzima ya taka.

Usiku tandika boksi safi chini ya injini. Asubuhi, kabla hujatoka, lichunguze: likiwa kavu, andika kilomita za siku hiyo kwenye kipande cha karatasi ukibandike ndani ya boneti, pamoja na kilomita 5,000 za mbele, likiwa na tone, lifuate tone hilo kwenda juu ujue limetoka kwenye bolti, kwenye filta, au ni masalia yaliyobaki juu ya kava.